Al-Khalil bin Ahmad, Mtu Aliyezipanga Herufi

Fungua msahafu popote utakapo, kisha tazama juu na chini ya herufi. Utaona kijistari cha fatha, kijistari cha kasra, dhamma iliyojikunja kama wau ndogo, na shadda yenye meno yake. Watoto wetu wa darasa la kwanza wanazijua alama hizi kabla hawajajua kufunga kamba za viatu vyao. Lakini ukiuliza ni nani aliyezitengeneza, hata sisi wakubwa wengi wetu hutazamana. Ndiyo maana katika toleo hili tumeona tumtaje Imamu wa lugha ya Kiarabu, Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Tunayo sababu ya pili. Vijana wetu wanaofanya mitihani ya kutafuta nafasi za masomo na kazi hukutana na maswali ya mafumbo ya akili: watu watano wamekaa mstari mmoja, fulani yuko kushoto kwa fulani, je, nani yuko katikati? Au mtu anaonyesha picha na kusema kwamba aliyemo ni mtoto wa pekee wa babu yake, je, ni nani wake? Wengi huyaogopa maswali hayo na kuishia kubahatisha. Al-Khalil aliishi zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, na ukiitazama kazi yake kwa makini utaona ni mafumbo ya namna hiyo hiyo. Vitu ni vingapi? Nafasi ni ngapi? Kipi kinaweza kukaa wapi, na kipi hakiwezi kabisa? Yeye hakubahatisha.

Kuzaliwa na kusoma kwake

Alizaliwa karibu na mwaka 100 H, sawa na mwaka 718 wa Miladia. Alikuwa wa kabila la Azd, ukoo wa Farahid, na wengi wanasema alizaliwa Oman. Alikulia Basra, Iraq, mji ulioanzishwa zama za Sayyidna Umar (r.a.) kuwa kambi ya askari, ukageuka bandari kubwa ya Ghuba. Basra ya wakati huo ilikuwa na Waarabu wa majangwani, Waajemi, Wahindi na watu kutoka pwani yetu ya Afrika. Pembeni ya mji palikuwa na soko la Mirbad, ambako mabedui walileta ngamia zao pamoja na mashairi yao. Katika mchanganyiko huo Kiarabu kilianza kuchafuka. Watu walikosea irabu, na kukosea irabu katika Qur'ani si jambo dogo, kwani irabu moja huweza kumfanya mtendaji awe mtendwa.

Alisoma kwa Abu Amr bin al-Ala, ambaye ni mmoja wa maimamu saba wa kisomo, na kwa Isa bin Umar. Hakutosheka na ya mjini. Alikwenda majangwa ya Hijaz, Najd na Tihama kusikiliza lugha kwa wenyewe. Al-Kisai, naye ni katika wale maimamu saba, alipomuuliza elimu yake yote ameitoa wapi, alimtajia majangwa hayo matatu, na Al-Kisai akafunga safari akaenda huko huko.

Inasemekana pia kwamba alipokwenda kuhiji aliomba dua apewe elimu ambayo hakuna aliyemtangulia kuwa nayo. Tutaona aliyopewa.

Irabu

Kabla yake, Abul-Aswad ad-Du'ali alikuwa ameweka nukta za irabu: nukta juu ya herufi kwa fatha, chini kwa kasra, na mbele yake kwa dhamma. Baadaye zikaja nukta nyingine za kutenganisha ba na ta na tha, jim na ha na kha. Hebu fikiri mwandishi anahangaika na nukta juu ya nukta, tena anahitaji wino wa rangi mbili ili msomaji asichanganye nukta za irabu na nukta za herufi. Likawa fumbo kwa msomaji.

Al-Khalil akaliondoa fumbo hilo kwa njia nyepesi mno. Dhamma akaifanya wau ndogo juu ya herufi, kwa sababu dhamma ni sauti fupi ya wau. Fatha akaifanya alifu ndogo iliyolazwa. Kasra akaitoa katika ya, akaiweka chini. Kwa shadda akachukua kichwa cha herufi shin, na kwa hamza kichwa cha ain. Ikawa wino mmoja unatosha. Mwanzoni waandishi wa misahafu walisita kuitumia njia hiyo, wakabaki na nukta zao kwa muda mrefu, na alama zake zikatumika zaidi katika vitabu vya mashairi. Leo ni nadra kuona mtoto anafundishwa kwa njia nyingine.

Babu zetu wa pwani nao walipoandika barua na tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walitegemea alama hizo hizo, ingawa fatha, kasra na dhamma ni tatu na irabu zetu ni tano, na msomaji alibaki kupambanua kati ya i na e, na kati ya u na o.

Kukaa duara

Sasa tuingie katika elimu iliyompa jina, nayo ni arudhi, elimu ya vipimo vya mashairi. Washairi wetu wa Kiswahili wanalitumia neno hilo hilo, na wanapogawa mashairi katika bahari mbalimbali wanatumia istilahi ya Al-Khalil bila ya kumjua mwenyewe. Hata ubeti ni bayt ya Kiarabu, yaani nyumba au hema, naye sehemu nyingi za ubeti alizipa majina ya vitu vya hema.

Inasimuliwa kwamba alipita katika soko la mafundi wa shaba, akasikia nyundo zikigonga, na mgongo wa zile sauti ukamfungua akili. Basi akawa akijifungia nyumbani, anagonga na kuhesabu. Mwanawe aliingia siku moja akamkuta katika hali hiyo, akatoka mbio kuwaambia watu kwamba baba yake amepata wazimu.

Alichokuwa akikifanya ni hiki. Kila neno alilivunja katika herufi yenye irabu na herufi yenye sukuni. Herufi yenye irabu ikifuatwa na yenye sukuni, kama qad, akaiita sabab, yaani kamba. Herufi mbili zenye irabu zikifuatwa na moja yenye sukuni, kama laqad, akaziita watad, yaani kigingi. Kisha akapanga kamba na vigingi katika duara. Hapa ndipo panapotufurahisha sisi tunaopenda mafumbo ya watu waliokaa kuzunguka meza.

Waketishe watoto watatu kuzunguka sinia. Wa kwanza mwite Kigingi, wa pili Kamba, na wa tatu naye mwite Kamba. Zunguka ukisoma majina yao, ukianzia kwa Kigingi: kigingi, kamba, kamba. Hiyo ni mafa'ilun, na ukiirudia unapata bahari ya hazaj. Rudi uanzie kwa Kamba wa kwanza: kamba, kamba, kigingi. Hiyo ni mustaf'ilun, nayo ni bahari ya rajaz. Anzia kwa Kamba wa pili: kamba, kigingi, kamba. Hiyo ni fa'ilatun, bahari ya ramal. Hakuna mtoto aliyeinuka wala kubadilisha nafasi. Kilichobadilika ni pa kuanzia tu, na tumepata bahari tatu ambazo sikio linazisikia kuwa mbalimbali kabisa.

Duara jingine lina watu watano: kigingi, kamba, kigingi, kamba, kamba. Wakiwa watano, pa kuanzia ni patano. Al-Khalil aliyapima mashairi ya Waarabu, akaona patatu tu ndipo walipoanzia, wakapata tawil, madid na basit. Nafasi mbili zilizobaki hakuzificha wala hakuzilazimisha. Aliziandika kuwa zimeachwa, yaani duara linaziruhusu lakini Waarabu hawakuzitumia. Sisi tunaona ukubwa wake uko hapo. Mwalimu mwingine angalisema bahari ni tatu, basi, na hakuna ambaye angalijua kwamba zilikuwepo nyingine mbili zilizowezekana.

Alimaliza na madaira matano yenye bahari 15. Baadaye husemwa kwamba Al-Akhfash aliongeza ya 16, inayoitwa mutadarik. Lakini hata hiyo ilikuwa imeshakaa katika duara la tano, lenye kigingi na kamba tu: Al-Khalil alisoma kuanzia kigingi, na anayeanzia kamba ataipata.

Kitabu kinachoanza na ain

Jambo la kamusi ni kubwa zaidi. Al-Khalil alitaka kuyakusanya maneno yote ya Kiarabu. Utayakusanyaje bila kusahau? Mtu wa kawaida angaliandika kila neno alikumbukalo, na kila siku angalikumbuka jingine mpaka afe. Yeye akageuza kazi. Hakuanza na maneno. Alianza na nafasi.

Akasema kwamba mzizi wa herufi mbili hugeuka mara 2. Wa tatu hugeuka mara 6, wa nne mara 24, na wa tano mara 120. Ukizichukua herufi 28 na kutengeneza kila mzizi unaowezekana wa herufi tofauti, kuanzia mbili hadi tano, unapata 12,305,412. (Anayetaka ahakikishe: 28 mara 27 ni 756, zidisha kwa 26, kisha 25, kisha 24, halafu ujumlishe majibu yote manne.) Katika hiyo yote akawa anauliza swali moja tu: huu unatumika, au umeachwa?

Tuchukue mfano wetu wenyewe: ba, ha (ile ya koo, ya Muhammad) na ra. Zigeuze. Ba-ha-ra ni bahr, bahari. Ba-ra-ha, humo limo al-bariha, jana. Ha-ba-ra ni hibr, wino. Ha-ra-ba ni harb, vita. Ra-ba-ha ni ribh, faida. Ra-ha-ba ni upana na nafasi, na humo limetoka marhaba, ambalo kwetu ni marahaba anayoitikia mzee akiamkiwa. Mizizi sita, na yote sita ina kazi. Si kila kundi lina bahati hiyo. Ain, lam na mim hutupatia ilmu ukizipanga hivi, na amali ukizipanga vile, lakini katika mipango mingine ya herufi hizo imo ambayo msomaji wa leo anaweza kuishi umri wake wote asikutane nayo. Naye aliyaweka mageuzo yote ya kundi moja katika mlango mmoja, hivyo elimu na amali ni majirani katika kitabu chake.

Hakufuata mpangilio wa alifu, ba, ta. Alizionja herufi kinywani. Alikuwa akitanguliza hamza, kisha anatamka herufi ikiwa na sukuni: ab, at, ah, a'. Akaangalia kila moja inatokea wapi, akazipanga kuanzia ndani kabisa ya koo kuja mpaka midomoni. Wanafunzi wetu wa tajwidi wanaosoma makharij watajua tunazungumzia nini. Ain ikawa ya kwanza, midomo ikaja na fa, ba na mim, na mwisho kabisa zikawekwa wau, alifu, ya na hamza, kwa kuwa hazitulii, hugeukageuka. Kwa sababu hiyo kitabu kikaitwa Kitab al-Ayn. Kwa hiyo mtu akitaka kulitafuta neno bahr humo haendi kwenye ba. Kati ya ba, ha na ra, iliyo ndani zaidi ya koo ni ha, basi mlango wake ni wa ha.

Kisha akaweka kanuni za kuondoa. Alisema ain na ha ya koo hazikutani katika mzizi mmoja kwa sababu mahali pa kutokea kwake pamekaribiana mno. Papo hapo ukafutika wingi wa mizizi bila hata ya kutafutwa. Akasema vile vile kwamba neno la asili la herufi nne au tano halikosi mojawapo ya ra, lam, nun, fa, ba au mim. Angalia aqrab, nge: lina ra na ba. Angalia ankabut, buibui: lina nun na ba. Ukiletewa neno refu lisilo hata moja kati ya hizo sita, shuku kwamba si la Kiarabu, isipokuwa machache yanayojulikana, kama asjad, dhahabu.

Mkeka wa wanafunzi watano

Njia hii tunaweza kuijaribu hapa hapa. Wanafunzi watano, Asha, Bakari, Fatma, Hamisi na Zuhura, wamekaa mstari mmoja mkekani. Tunaambiwa hivi: Hamisi yuko katikati. Fatma na Bakari wamekaa bega kwa bega. Asha yuko mwisho upande wa kulia. Bakari hakukaa mwisho. Wamekaaje?

Kabla ya kusoma sharti lolote, uliza hesabu ya Al-Khalil: watu watano hupangika namna 120. Hamisi akishakaa katikati, zinabaki namna 24. Fatma na Bakari hawawezi kuachana, na Hamisi amewagawa upande huu na upande huu, basi lazima wote wawili wawe upande mmoja. Namna zinabaki 8. Asha akikaa mwisho wa kulia, Fatma na Bakari wanasukumwa kushoto na Zuhura anaingia baina ya Hamisi na Asha, zinabaki 2. Bakari hakukaa mwisho, inabaki moja: Fatma, Bakari, Hamisi, Zuhura, Asha.

Mwanafunzi asiharakishe kumweka mtu mahali pake. Aharakishe kufuta mahali ambapo hawezi kuwa. Na jambo moja dogo huwaangusha wengi: kulia kwa nani? Mwalimu aliyewaelekea ana kulia kwake, na wao wana kulia kwao, ambako ni kushoto kwake. Chora mstari kwanza, weka alama ya kulia, halafu ndipo usome sharti linalofuata. Nusu ya makosa tunayoyaona katika maswali ya pande na mielekeo yanatoka hapo.

Wanaosoma mirathi wameshaizoea njia hii ingawa hawaiiti fumbo. Kwanza huorodheshwa jamaa wote wa marehemu waliohai, kisha huangaliwa nani anamzuia nani: baba humzuia babu, mtoto wa kiume humzuia mjukuu, na ndugu huzuiwa na baba au mtoto wa kiume. Anayeruka orodha akaanza kugawa kwa kukisia anaweza kumdhulumu yatima.

Barua na dawa ya macho

Inasimuliwa kwamba mfalme wa Warumi alimpelekea barua kwa Kiyunani. Akakaa nayo mwezi mzima, kisha akaielewa. Alipoulizwa amewezaje, alieleza kwamba alikadiria barua lazima ianze kwa jina la Mungu au mfano wake. Akazichukua herufi za mwanzo akazipa sauti za maneno hayo, na kwa zile alizozijua akaendelea kuzifungua zilizobaki. Wanahistoria wanamtajia kitabu kuhusu maandishi ya mafumbo kilichotokana na jambo hilo, ila kitabu chenyewe kimepotea. Wanaochambua maandishi ya siri hadi leo huanza vivyo hivyo, kwa kutafuta neno ambalo lazima liwepo.

Tena palikuwa na mtu akitengeneza dawa ya macho, watu wakinufaika nayo, akafa na siri yake. Watu wakahangaika. Al-Khalil akaomba aletewe chombo ambacho marehemu alikuwa akichanganyia. Akakinusa, akitaja kitu kimoja baada ya kingine, mpaka akafikisha vitu 15. Dawa ikatengenezwa, ikafaa. Baadaye karatasi ya marehemu ikapatikana katika vitabu vyake, na vitu vilikuwa 16. Inatuchekesha kidogo kwamba katika bahari za mashairi na katika dawa, kote mzee wetu alifika 15 na kikabaki kimoja.

Kibanda cha matete

Mtu mwenye akili hiyo angaliweza kuwa tajiri. Mwanafunzi wake An-Nadhr bin Shumayl ameeleza kwamba Al-Khalil aliishi Basra katika kibanda cha matete, hana hata fulusi mbili, wakati wanafunzi wake wakichuma mali kwa elimu yake. Gavana wa Ahwaz, Sulayman bin Habib, alimtuma mjumbe amwite akafundishe watoto wake. Al-Khalil akamtolea mjumbe mkate mkavu, akamfahamisha kwamba maadamu anao huo hana haja na Sulayman. Gavana akakasirika, akamkatia posho aliyokuwa akimpa. Al-Khalil akamjibu kwa beti za kumkumbusha kwamba mtoaji wa riziki ni Mwenyezi Mungu. Zilipomfikia, gavana akaona haya, akamwandikia kumtaka radhi na akaiongeza posho maradufu.

Alikuwa mpole pia. Mtu mmoja alikuja kwake kujifunza arudhi, akakaa muda mrefu na hakuna kilichomwingia. Al-Khalil akampa ubeti aukate vipimo, na maana ya ubeti wenyewe ni kwamba usiloliweza liache uende kwenye uliwezalo. Yule mtu akajitahidi nao kadiri alivyoweza, kisha akaondoka asirudi. Al-Khalil mwenyewe alistaajabu jinsi mtu huyo alivyoielewa ishara, pamoja na uzito wake wa kufahamu.

Na wanafunzi aliowapata! Sibawayhi, Muajemi aliyeandika kitabu kikubwa cha nahau kijulikanacho kwa jina la Al-Kitab, alimtaja mwalimu wake mamia ya mara ndani yake. Mara nyingi anasema tu kwamba alimuuliza, hasemi alimuuliza nani, na wanazuoni wote wanajua ni Al-Khalil. Al-Asmai naye alikaa mbele yake. Ibn al-Muqaffa, mwandishi mashuhuri, alikesha naye usiku mmoja wakizungumza. Walipoachana kila mmoja aliulizwa amemwonaje mwenziwe. Al-Khalil alimwona mwenziwe elimu yake ni kubwa kuliko akili yake, na Ibn al-Muqaffa akamwona Al-Khalil kinyume cha hivyo.

Kufa kwake

Alifariki Basra baina ya mwaka 170 H na 175 H, yaani kati ya miaka ya 786 na 791. Wanasimulia kwamba siku zake za mwisho alikuwa na fumbo jipya kichwani. Alitaka kuipata namna ya hesabu iliyo nyepesi kiasi kwamba kijakazi akitumwa dukani, muuza duka asiweze kumdhulumu. Aliingia msikitini huku akili yake iko kwenye hesabu hiyo, hakuiona nguzo iliyokuwa mbele yake, akajigonga kwa nguvu akaanguka. Hilo likawa sababu ya mauti yake. Wengine wanasema alikuwa akikata vipimo vya ubeti. Sisi tunaupenda ule usimulizi wa kijakazi.

Kitab al-Ayn hakikukamilika mikononi mwake. Kilimaliziwa na mwanafunzi wake Al-Layth huko Khurasan, na wanazuoni wamebishana sana ni kiasi gani kilichomo ni cha mwalimu na kiasi gani ni cha mwanafunzi, ingawa wengi wanakubali kwamba mpango wake ni wa Al-Khalil. Kuna hadithi kwamba mke wa Al-Layth aliona wivu, akakichoma moto kitabu, na mumewe akakiandika upya nusu kwa kumbukumbu, nusu nyingine ikakamilishwa na wanazuoni wa huko. Watu wa Basra, mji wake mwenyewe, hawakukiona mpaka mwaka 248 H, karibu miaka 75 baada ya kufa kwake, pale muuza vitabu mmoja alipowasili kutoka Khurasan akiwa nacho katika juzuu 48. Alikiuza kwa dinari 50.